Mpishi wa Benchi la Samaria

Watu wakiniuliza ni nani aliyenitenganisha na mume wangu, simsingizii shetani. Shetani amebebeshwa mengi yasiyo yake. Nasema ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu la Kisauni, na mkewe aliyekuwa kiongozi wa akina mama, na mchungaji aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi, akala kuku, akabariki kila alilokuta limeshaamuliwa. Majina yao siyaandiki kwa sababu wana watoto na wajukuu, na hao hawana kosa. Lakini wenyewe wakisoma watajijua, na tuliokaa pamoja kwenye mabenchi yale tutawajua.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo nitasema nijuavyo kusema.

Mume wangu alinioa kwetu, upande wa Kaloleni. Wazee wake walibeba mnazi, ile pombe ya kugema, wakaja kuketi na wazee wangu. Kabla haujanywewa niliitwa katikati ya watu, nikaulizwa, "Mnazi huu tunywe ama tusinywe?" Ukisema wasinywe, hakuna ndoa, wanarudi nao. Nilisema, "Nyweni." Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Sijui duniani kuna kiapo gani kikubwa kuliko hicho, msichana kusimama mbele ya ukoo mzima akaulizwa na akajibu mwenyewe.

Tukaja Kisauni, tukapanga chumba katika nyumba ya bimkubwa mmoja Mwislamu, mjane, mwanamke wa kauli nzito na mkono wazi. Mume wangu alikuwa akikata mawe timboni, kule Kiembeni. Asiyejua timbo, ni shimo kubwa linalochimbwa mwambani, mawe ya kujengea yakatolewa humo moja moja kwa sururu na msumeno. Jioni alirudi mweupe kama aliyeanguka kwenye unga. Watoto wetu wawili walikuwa kwa mama yangu, wakisoma huko.

Ni miaka ile ya themanini mwanzo mwanzo ndipo nilipookoka. Sikulazimishwa na mtu. Nilimpenda Mungu, na mpaka leo nampenda. Hilo nataka lijulikane kabla sijaanza kulalamika.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na mabenchi ya mbao yasiyo na pa kuegemea. Sheria yao ya Meza ya Bwana ilikuwa hivi: aliyeoa au kuolewa kanisani anashiriki. Aliyeolewa kwa mnazi, kwa wao yule anaishi na mtu tu. Jumapili ya Meza, mzee alisimama akasema, "Wale ambao hawajaweka mambo yao sawa, wasogee nyuma." Nasi tuliondoka mbele ya macho ya watu, na mikoba yetu na watoto mgongoni, tukaenda kukaa mabenchi ya nyuma. Vijana wa kwaya waliyapa jina mabenchi hayo, waliyaita Samaria. "Mama fulani yuko wapi?" "Yuko Samaria." Watu wakicheka. Hata sisi tulicheka, ungefanya nini.

Sasa, mkate wa Meza hauji wenyewe. Wenye pete, wale wa ndoa ya kanisani, hawakutaka kazi ile, maana ilianza Jumamosi mchana na kuisha Jumapili baada ya watu wote kwenda kula. Mwenyekiti wa wazee akaniita.

"Dada, Bwana asifiwe."

"Amina, mzee."

"Kuna huduma ya unyenyekevu. Haihitaji mtu msomi. Inahitaji moyo wa utii. Mungu amenionyesha wewe."

Nilifurahi, jamani. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba Mungu amenionyesha kwa mzee. Akaniuliza, "Amekuonyesha ule, ama upike?"

Nikamwambia asiseme maneno ya dharau. Tangu siku hiyo akawa ananiita mpishi.

Nilikanda unga wa ngano bila hamira, mafuta kidogo na chumvi, nikausukuma mwembamba, nikauchora mistari kwa kisu ili ukikatwa ukatike sawasawa, nikauoka juu ya bati, makaa chini na makaa juu. Zabibu kavu nilizichemsha nikazikamua na kuchuja kwa kitambaa. Kisha vile vigilasi vidogo, sinia zima. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ukioshea kioo yanaacha alama nyeupe, kwa hiyo niliosha kwa maji matamu ya mkokoteni, nikafuta kimoja kimoja. Mzee alikuwa akiinua kigilasi kwenye mwanga wa dirisha, akifunga jicho moja. Akiona doa, kilirudi.

Na sikuonja. Hata kidole sikulamba. Mkate ukiungua pembeni nilikata kile kipande nikakifukia nyuma ya jiko, kuku wasije wakakipata. Mume wangu alinikuta siku moja nachimba na kijiko.

"Unazika nini, mpishi?"

"Mkate."

"Umekufa na nini?"

"Umeungua."

"Haya, pole kwa msiba." Akavua shati akaenda kuoga, huku nyuma nimebaki nacheka na hasira ziko papo hapo.

Jumapili ikifika niliutandika kwenye meza, nikaufunika kitambaa cheupe nilichokifua na kukipiga pasi mwenyewe, halafu nikaondoka zangu kwenda Samaria. Nilikuwa nikiangalia migongo ya watu wakila. Mkate unapita, vigilasi vinapita, unasikia vinagongana kidogo kwenye sinia, na mimi nikihesabu moyoni kama vitatosha. Mpishi hasahau kazi hata akiwa nje ya mlango.

Nilimsumbua mume wangu miaka. Twende tukafunge ndoa kanisani, nikamwambia, nami nile kama watu. Naye hakuwa mtu mbaya, aliuliza tu. "Nilishakuoa. Uliulizwa, ukasema wanywe. Sasa huyu mzee wako anataka nikuoe kutoka kwa nani? Baba yako amekurudisha dukani?" Mzee naye nikimlilia aliniambia, "Subiri kwa unyenyekevu. Mtumishi wa kweli haangalii sahani." Maneno mazuri, na yeye aliyasema akiwa ametoka kwenye sahani.

Kilichombadilisha mume wangu ni kitu kidogo. Jumapili moja alikuja kanisani kunifuata ufunguo wa chumba, maana nilikuwa nimeondoka nao. Watu walishatawanyika. Alinikuta kwenye kijumba cha nyuma nimeinama kwenye karai naosha vigilasi. Na pale mlangoni wamekaa watoto wa mwenyekiti na rafiki zao, wanakula mkate uliobaki. Ndiyo desturi yao, mabaki ya Meza walikuwa wakipewa watoto wa wazee, yasitupwe. Mmoja alikuwa anamrushia mwenzake vipande, mwenzake anavidaka kwa mdomo.

Mume wangu alisimama akaangalia. Akachukua ufunguo, akaenda. Jioni, tumekaa kula, ndipo akasema, "Kumbe watoto wanaula."

Nikamwongezea mboga.

"Wanaurusha kama njugu. Na wewe unauzika ukiungua." Akasukuma sahani. "Mwambie mzee wako nitakuja. Nitakuoa tena, na akitaka mara ya tatu nitakuoa mara ya tatu."

Nililia usiku ule kwa furaha. Laiti ningejua.

Mwenyekiti alimpokea vizuri, nisimnyime haki yake. Alimkalisha, akamfundisha, mume wangu akaacha mnazi hata kwenye misiba ya kwao, jambo lililowaudhi sana ndugu zake. Kisha ikaja ile sheria ambayo mpaka leo naitafuta kwenye Biblia, na wanaojua kusoma kunizidi nimewaomba wanitafutie. Mzee alisema ndoa itafungwa kwa pamoja, sisi na wengine, askofu atakapokuja. Na kabla ya hapo mke na mume watengane, kila mmoja alale kwake, ili waje mbele ya Mungu wakiwa safi.

"Kwa mwezi mmoja tu," alisema. "Dada atakaa kwangu, mama atamtunza."

Bimkubwa mwenye nyumba aliponiona nafunga kanga zangu, alishika kiuno. "Waenda wapi?"

"Naenda kukaa kwa mzee wa kanisa, bimkubwa, mpaka arusi."

"Arusi ya nani?"

"Yangu na huyu."

Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Wallahi dini ya kumtoa mke kwa mumewe ili amuoe mumewe, mimi sijaisikia. Mwanangu, huyu wamwacha na nani? Atapikiwa na nani?"

"Na Mungu," mume wangu akajibu. "Mpishi wake namrudishia."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikwenda, nikasema moyoni utii ndio huu, mtu kufanya asilolielewa.

Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa Kiembeni, mpya, na ukuta wa mawe kuizunguka. Kutunzwa kwenyewe kulikuwa hivi: niliamka kabla ya wote nikachota maji, nikafua nguo za watu saba, nikapika, nikapiga pasi suti ya mzee ya Jumapili, nikalala kwenye mkeka jikoni. Mkewe hakuwa akinipigia kelele. Sauti yake ilikuwa laini, kila kitu alikianza na "mpendwa". Mpendwa, sakafu. Mpendwa, yale masufuria. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ni dada yetu, yuko kwenye kipindi cha kunyenyekezwa." Nami nikainamisha kichwa kama kweli nilikuwa nimejiinua mahali.

Timbo halikuwa mbali. Jioni mume wangu alipita njia ya nyuma, akagonga ukuta kwa nyundo yake mara mbili, nikatoka kama naenda kumwaga maji. Tuliongea juu ya ukuta kama wachumba.

"Mawe haya nimeyakata mimi," aliniambia siku moja, akipapasa. "Hili hapa nalijua. Ningejua watakufungia ndani yake ningeliacha chini."

"Usiseme hivyo. Mwezi umekaribia kwisha."

"Haya, mchumba. Kesho nikuletee nini?"

"Niletee korosho."

Akaleta. Mke wa mwenyekiti akatukuta siku hiyo, yeye mkono juu ya ukuta, mimi nimejaza mashavu. "Ndugu," akasema kwa ile sauti yake, "bado. Msiharibu mlichojenga." Na kesho yake mzee akasema tusionane kabisa, hata ukutani.

Mwezi ulikwisha, askofu hakuja, ikasemekana ni mgonjwa. Basi tungoje. Kisha askofu alipona, mwenyekiti akasema si vizuri arusi ya pamoja ifungwe chini ya bati lililotoboka, mvua zinakuja, tumalize paa kwanza. Kisha paa likaisha, akasema jozi tatu ni chache, askofu atatuonaje, tuongeze ziwe tano. Kila mara mchungaji alipokuja nilimwendea. "Mchungaji, nirudi kwangu ningoje huko?" Alikuwa akifuta mikono akitoka mezani. "Dada, umeshavumilia hivi, utavunja karibu na mwisho? Mwenyekiti anajua." Nikarudi jikoni. Na Jumamosi za Meza nilioka mkate uleule, sasa kwenye jiko la mwenyekiti mwenyewe, na Jumapili nikaenda kukaa Samaria. Mume wangu alikaa benchi la wanaume la Samaria, upande wa pili. Tulitazamana. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limefuliwa na mwanamume, ungeona.

Mara moja alimtuma bimkubwa. Mama wa watu alikuja kwa miguu, jua kali, na buibui lake, akabisha hodi kwenye lango la mwenyekiti. "Mumeo asema rudi nyumbani. Asema Mungu wenu kama ana haraka na usafi, atawasafisha mkiwa pamoja." Nikamwambia, "Mwambie bado kidogo. Mwambie nimeahidi." Akanitazama, akanipa bahasha ya tende, akaenda zake.

Zile mvua za masika zilikuwa kubwa. Jiwe la kwetu linakunywa maji, likishiba linaachia. Nilikuwa nje naanua nguo niliposikia watu wanapiga kelele upande wa timbo, na lori linapiga honi bila kuacha. Unajua kabla hujaambiwa. Nilitupa nguo matopeni nikaelekea langoni. Mke wa mwenyekiti alitokea mlangoni.

"Mpendwa, unaenda wapi?"

"Timboni. Ukuta umeanguka timboni!"

"Ngoja basi mzee arudi tumuulize kama inafaa. Mko kwenye kutengwa."

Aliyasema kwa nia njema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuwa na uchawi moyoni, alikuwa ameizoea sheria yao hata hakuona kwamba kuna watu chini ya mawe. Nilimpita. Nikafika nikakuta ameshatolewa, amewekwa kwenye lori juu ya magunia, lori limeondoka. Nikalifuata mpaka hospitali, kwa gari la nani sijui. Nilifika ameshafunikwa. Mkono mmoja ulikuwa nje ya shuka, una ule unga mweupe kwenye kucha. Sikuwa nimeugusa tangu siku ya korosho.

Alizikwa kwao. Kanisa halikuja, kwa sababu hakuwa mshirika. Mwenyekiti alituma salamu za faraja. Nilipofika kwenye matanga nikataka kuketi kwenye mkeka wa mjane, shangazi yake akaweka mguu.

"Wewe wa nani?"

"Shangazi, ni mimi. Mkewe."

"Mke gani anayelala kwa watu, mumewe anajichemshia ugali? Ulimwacha. Ukamwachisha na mnazi wa wenzake, ukamwacha. Kaa kule na majirani."

Nikakaa kule na majirani. Kwa kanisa sikuwa mke kwa sababu tulioana kwa mnazi, kwa ukoo sikuwa mke kwa sababu ya kanisa. Watoto wangu waliketi na baba zao wadogo, wakinitazama kwa mbali. Bimkubwa wa Kisauni ndiye aliyekuwa amenishika bega, Mwislamu peke yake kwenye uwanja ule, na alirudia neno moja tu: "Mimi nilimwona. Mimi ni shahidi. Alikuwa mumeo."

Nilirudi chumbani kwangu Kisauni. Sururu yake ilikuwa bado mlangoni. Bimkubwa hakuwa amempa mtu chumba. Haukupita muda, mke wa mwenyekiti akanitumia unga na zabibu, kwamba Jumapili ni Meza. Na mimi nikaoka. Msiniulize kwa nini. Mikono ilikuwa inajua kazi, na kazi ilikuwa ya Mungu, sikutaka kumkosesha Mungu kwa sababu yao.

Jumapili hiyo niliinuka kama kawaida nielekee nyuma. Mwenyekiti akasema, "Dada, rudi. Usiende." Kanisa likageuka. "Wapendwa, dada yetu amepita kwenye bonde, lakini Mungu ni mwema. Sasa hakuna tena kizuizi. Kuanzia leo tunamkaribisha mezani."

Watu wakasema amina. Kuna waliopiga makofi. Walinipenda, wale watu, walidhani ni siku yangu. Mwenyekiti akashuka yeye mwenyewe na sahani, akanisogezea. Mkate wangu. Mistari yangu ya kisu ikionekana. Miaka yote nilikuwa nautaka kinywani, na sasa uko chini ya pua yangu, na harufu yake ni ya jiko langu.

"Mzee," nikamwambia, "kizuizi gani?"

Akashusha sauti. "Dada, chukua."

"Nauliza kizuizi gani kimeondoka."

"Si wakati wake."

"Kilikuwa kinakata mawe. Mawe ya ukuta wa nyumba yako kimeyakata hicho kizuizi."

Akaisogeza sahani karibu zaidi. Sikuuchukua. Niliondoka nikaenda zangu Samaria nikaketi, na wale wanawake wa mnazi wakasogea kunipa nafasi.

Baada ya ibada nilikwenda kijumba cha nyuma kuosha. Mke wa mwenyekiti alinifuata, anatokwa na machozi, na sikatai kwamba yalikuwa machozi ya kweli. "Mpendwa, umemkataa Bwana."

"Sijamkataa Bwana, mama. Yeye alijifunga kitambaa akaosha watu miguu, halafu akaketi nao akala. Hakusimama mlangoni. Nyinyi mlinipa karai mkaninyima benchi."

"Utumishi hauna malipo hapa duniani."

"Basi leteni watoto wenu waoshe."

Watoto wake walikuwa palepale mlangoni wanangoja mabaki. Nikawaomba wanipishe, wakasogea. Nikakusanya mkate wote uliobaki kwenye kitambaa, nikaufunga fundo, nikauweka kifuani. Kisha nikaosha vigilasi vyote, nikavifuta mpaka vikang'aa, kwa sababu vigilasi havikunikosea, nikaacha ufunguo wa kijumba juu ya sinia.

Nyumbani nililifungua lile fundo mbele ya mlango, karibu na sururu. Bimkubwa alikuwa anachagua mchele. "Ndio ule mkate wenu?" akauliza. Nikamwambia ndio. Nikala. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Kwa muda wote ule hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naweka chumvi nyingi.